Kisorya Hadi Rugezi: Likizo Inayoanza Gari Likiwa Juu ya Maji

Watu wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, nisikilizeni! Kama pamba imeshauzwa, ada za watoto zimeshalipwa na gari liko uani lina mafuta, basi msihangaike kutafuta likizo ya mbali. Nimetoka kuvuka ziwa na gari langu mwenyewe. Nimeliendesha hadi ndani ya kivuko pale Kisorya, nikazima injini, nikashuka, na matairi yalipogusa tena nchi kavu tulikuwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Habari za njia hii nimezisikia miaka na miaka. Lakini kusikia si kuona, na hiki nilichokiona siwezi kukaa nacho peke yangu.

Wengi wetu tukitaka kwenda Ukerewe tunapitia Mwanza. Gari unaliacha kwa ndugu au unalilipia maegesho, unapanda meli ya kwenda Nansio kisiwani na mabegi yako, ukifika kule unaanza kutafuta bodaboda. Safari ya meli ina uzuri wake, sikatai. Ila mtu wa Simiyu ana mlango wa pili, na gari linapita humo humo.

Raha yenyewe inaanza mapema. Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilomita kama 72. Unapita Nyakabindi penye viwanja vya Nanenane, unapita Dutwa, na alfajiri barabara yote ni yako, wewe na baiskeli na ng'ombe wanaopelekwa malishoni. Ukifika Lamadi unakata kulia kuelekea Bunda. Jamani, kipande hiki! Kulia kwako ni Serengeti, na lango la Ndabaka liko pale pale kando ya lami. Kushoto ni Ghuba ya Speke. Pori la simba na maji ya sangara, katikati yake wewe na kigari chako. Punguza mwendo, kwanza kwa sababu nyani na wenzao hawajui alama za barabarani, pili kwa sababu utajuta ukipita mbio.

Na kuna jambo lilinijia nikiwa naitazama ile ghuba. Mto Simiyu, ulioupa mkoa wetu jina ulipoanzishwa mwaka 2012, unamwaga maji yake humo humo. Mvua iliyonyesha kwenye mashamba yetu ya pamba imeshatangulia likizo. Sisi ndio tumechelewa.

Bunda unaachana na barabara ya Musoma, unashika ya magharibi kupitia Bulamba na Kibara. Kuanzia Bulamba hadi Kisorya ni kilomita 51 za lami, na kadiri unavyosonga ndivyo rasi inavyozidi kuwa nyembamba. Maji yanajitokeza upande huu, yanapotea, yanajitokeza upande ule. Mihogo, mawe makubwa yaliyopandana, nyavu zimeanikwa, watoto wanapunga mikono. Kisha barabara inaisha. Haipindi wala haigawanyiki, inaingia majini tu, na mbele yako ng'ambo unakiona kisiwa.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kudunda.

Gatini pana maisha. Kina mama wana mabeseni ya sangara wa kukaanga, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao, kuna lori la kreti za soda, magunia, magodoro, kuku wamefungwa miguu. Unakata tiketi: gari hulipiwa kwa ukubwa wake, na kila abiria analipa nauli yake. Kisha unakaa kwenye foleni na kungoja, na hapa nina neno kwa madereva wenzangu: honi haiwaiti manahodha. Mtu yuko likizo, ameketi mbele ya ziwa, halafu anapiga honi! Shuka ununue samaki.

Kivuko kikakaribia. Nilikuwa nimeshaona picha, lakini picha haikuambii ukubwa wa ule mlango wa chuma unaposhuka, minyororo ikilia, ukalala juu ya saruji ya gati. Waliotoka kisiwani walishuka kwanza: watembea kwa miguu, baiskeli zenye matenga, pikipiki, halafu magari. Kisha kijana mmoja wa kivukoni, mwenye viatu vya mpira hadi magotini, akaninyooshea kidole. Mimi!

"Njoo, bosi. Taratibu. Kata kulia kidogo. Nyoosha. Njoo, njoo, njoo."

Wenye magari yaliyokaa chini kama IST yangu, hapa zingatieni. Sehemu ya hatari ni pale saruji inapokutana na chuma, maana bampa la mbele linaweza kukwangua. Na ule mwinuko haufanani siku zote, hubadilika na kina cha ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda sana, mwaka 2024 yakapanda tena, na maji yakipanda au kushuka mlango nao unalala kwa pembe nyingine. Yule kijana alilijua hilo kuliko mimi. Alinisimamisha, akachuchumaa, akatazama chini ya bampa, akanionyesha niingie kwa mshazari, tairi moja itangulie. Tairi la kushoto likagonga chuma, du! La kulia likafuata, du! Nikahisi gari zima limepanda juu ya kitu kinachopumua. Sitaha ilizama kidogo, ikarudi. Sina namna nyingine ya kuieleza hisia ile: ghafla ardhi si ardhi tena.

"Njoo bado. Kunja saiti mira. Njoo. Hapo hapo! Hendibreki, gia, zima."

Kati ya mlango wangu na tairi la lile lori la soda palibaki upana wa kiganja. Nilitokea upande wa abiria. Malori yamewekwa katikati, magari madogo pembeni, pikipiki zimejaza kila upenyo uliobaki, na yote haya mtu mmoja ameyapanga kwa mikono na sauti yake, bila futi kamba wala mchoro. Nimeona watu wengi wakiifanya kazi yao vizuri, lakini ule upangaji ulinifurahisha kupita kiasi.

Nilikuwa nimesimama nimeshika ufunguo, natazama huku na huku, mama mmoja mwenye kanga ya njano akanigeukia.

"Mara ya kwanza?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, ya kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Basi usisimame hapo na gari lako, haliendi popote. Nenda mbele kule ukaone."

Ushauri bora kuliko wote niliopewa safari nzima. Tena kushuka garini si kwa ajili ya kuona tu, ni usalama: mtu aliye ndani ya gari lililobanwa pande zote hana pa kutokea. Ziwa hili tunalipenda, na ziwa hili limetuliza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora hapa Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 220 wakafa. Watu wa Ukerewe hawajasahau. Nilijua hilo pale kijana wa viatu vya mpira alipoinua mkono kuizuia Noah moja iliyokuwa nyuma, akasema imetosha. Hakuna aliyebisha, hata mwenye Noah. Nawe ukifika, tazama maboya ya kuokolea yako wapi kabla hujatoa simu kupiga picha. Watoto washikwe mkono.

Mlango ukapanda, injini ikanguruma, na mtetemo ukapita kwenye soli za viatu hadi magotini. Kisorya ikaanza kurudi nyuma. Mbele, upepo! Ule upepo wa ziwa wenye harufu ya maji na dizeli na samaki. Mnandi wamesimama kwenye mawe wamefungua mabawa wanayakausha. Furukombe mmoja juu kabisa. Mitumbwi ya dagaa inarudi, na wavuvi wanatupita karibu kiasi cha kusalimiana. Magari yetu yote nyuma yamenyamaza, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini safari hii inaizidi ile ya barabara tupu. Dereva wa likizo huwa hapumziki. Familia inaimba, yeye anatafuta matuta na tochi za trafiki. Juu ya kivuko, dereva naye ni abiria. Ameshika chungwa badala ya usukani, anacheka na wanawe, na safari inaendelea! Mlango wa maji wa Rugezi, kati ya Kisorya na kisiwa, si mpana, muda wa kuvuka ni mfupi, na hilo ndilo jambo pekee nililolilalamikia moyoni.

Najua kivuko kwa mtu wa Kanda ya Ziwa kina kumbukumbu nyingine. Ukilitaja neno hilo wengi wanaikumbuka Kigongo–Busisi na foleni zake za kwenda Sengerema na Geita. Ile imekwisha. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua pale Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Bugando sasa anavuka kwa dakika chache. Nimelipita daraja lile na nimelifurahia. Lakini ukilipita huku ukiwa likizo, unaliacha ziwa nyuma kabla hujalisalimia. Kwa mapumziko, nipeni chuma kinachoelea. Na wapenzi wenzangu wa vyombo vya majini mnajua kilichotengenezwa pale Mwanza: meli ya MV Mwanza, iliyoitwa Hapa Kazi Tu wakati wa kujengwa, urefu wa mita 92.6, ya kubeba abiria 1,200, magari madogo 20 na makubwa 3. Nikiifikiria IST yangu tumboni mwa chombo kile usingizi unaniruka.

Turudi safarini: tumefika Rugezi, gati la upande wa kisiwani. Mlango unashuka, injini za magari zinawaka zote kwa pamoja, na unatoka. Kule kuna meza za machungwa, machungwa ya Ukerewe yanayosifiwa Mwanza nzima, na hapa unayanunua kwao. Nilijaza buti. Kisha ukashika njia ya Nansio, na sasa ndipo unapojua kwa nini umelivusha gari, maana kisiwa hiki si cha kukaa sehemu moja. Kina zaidi ya kilomita za mraba 500! Unataka msitu unaoshuka hadi kwenye mchanga, nenda Rubya. Unataka kulitazama ziwa kutoka juu, kuna kilima cha Handebezyo. Bukindo kuna jumba la machifu wa Wakerewe.

Na msomaji wa Kiswahili, ee, msomaji wa Kiswahili hapa amefika kwao. Kagunguli ndiko Aniceti Kitereza alikosoma kwa wamisionari, yule aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa Kiswahili mwaka 1980. Namagondo alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, na hicho ndicho kijiji alichokiweka katika Rosa Mistika. Vijiji nilivyovijua kwenye kurasa nikavipita kwa gari langu, kioo kimeshushwa, watu wanarudisha salamu. Nilisimama mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Ya kujiandaa ni machache. Mafuta jaza Bunda. Beba fedha taslimu pamoja na za kwenye simu. Fika gatini asubuhi, ziwa likiwa limetulia na foleni haijarefuka, na kwenye kurudi uliza mapema saa ya kivuko cha mwisho. Hendibreki ikaguliwe kwa fundi kabla hujaondoka Bariadi. Michembe na karanga za njiani mnajua wenyewe.

Tena kumbe habari haiishii Nansio! Upande wa pili wa kisiwa, Bugolora, kuna njia nyingine ya kivuko, ya kwenda Ukara. Baada ya ajali ya 2018 kilijengwa chombo kipya, MV Ukara II, cha abiria 300 na magari 10. Magari kumi! Maana yake unaweza kulivusha gari lile lile mara ya pili, kutoka kisiwa hadi kisiwa, ukalione lile jiwe la Nyabureke wanalosema linacheza. Safari hii muda haukutosha. Ruhusa kazini nimeshaomba nyingine, na fundi ameshaambiwa aliinue bampa la mbele.