Kukunja Blanketi

Mwalimu wa yoga hakumwambia alale wala ajinyooshe. "Simama tu, fundi. Kama unavyosimama ukimpima mteja."

Fundi cherehani, ambaye kiuno kimemuuma kwa miaka, akavua ndala akapanda mkekani. Mwalimu akamzunguka kimya, kisha akaokota ndala na kuzigeuza. Ya kulia ilikuwa imelika kisiginoni, upande wa nje.

"Uzito umeuweka mguu gani?"

"Yote miwili, mama."

"Hebu sikiliza tena."

Fundi akafumba macho. Ikapita kama dakika nzima. "Kumbe naegemea kulia."

Mwalimu hakumsahihisha. Alingoja mpaka fundi mwenyewe akarudisha uzito katikati, taratibu, vidole vya miguu vikifunguka kimoja kimoja.

Mtindo huu wa yoga ulikuzwa Pune, India, na B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 akaugua sana utotoni: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Shemeji yake, Krishnamacharya, ndiye aliyemfundisha. Pengine kwa kuwa aliujua mwili unaogoma, Iyengar aliingiza darasani vitu vya kuusaidia: mikanda, matofali ya mbao, kamba za ukutani, viti vya chuma vya kukunja. Mpiga fidla Yehudi Menuhin, ambaye naye kazi ilikuwa imemkaza mwili, alianza kujifunza kwake mwaka 1952.

Kiti cha chuma ndicho kilichofuata. Fundi alilala chali, miguu ikapandishwa kitini kuanzia magotini, mashavu ya miguu yakalala kwenye kiti na mapaja yakasimama wima. Mkao huo huupunguzia mgongo mzigo. Lakini kidevu chake kilikuwa kimeelekea dari na shingo imejikunja nyuma, na hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe.

Mwalimu akachukua blanketi, akalikunja kati, akalinganisha pembe, akalipiga pasi kwa kiganja mpaka makunyanzi yakaisha. Akakunja tena, ukingo mnene na laini ukiangalia shingo, nyuzi za pindo upande wa pili. Akainua kichwa cha fundi kwa mikono miwili, akaliingiza. Akatazama. Bado. Akaongeza mkunjo, sasa kidevu kikabana koo. Akalitoa, akafungua mkunjo mmoja nusu tu, unene wa kidole hivi, akalirudisha. Paji la uso likashuka kidogo kuelekea kifuani. Kazi ya blanketi moja ilichukua muda wa kuchemsha chai, na mkono wake haukuharakisha hata mara moja.

Akapitisha mgongo wa mkono chini ya kiuno cha fundi: ukapita bila kugusa. "Usikisukume chini. Toa pumzi, mbavu zishuke zenyewe." Akakaa chini kando yake. Baada ya dakika kadhaa akajaribu tena, mkono ukakwama. Akatabasamu, wala hakusema neno.

Wale wanaojikunja kama kamba kwenye video za simu hawanishangazi tena. Anayenishangaza ni huyu anayeweza kukaa karibu na maumivu ya mtu bila kuyavamia. Madaktari nao hawaipuuzi kazi hii: mwongozo wa American College of Physicians wa mwaka 2017 unaitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kabla ya dawa, kwa maumivu sugu ya kiuno. Hata hivyo mwalimu alikuwa ameshauliza mapema kama miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu. Angejibiwa ndiyo, angemtuma hospitali kwanza.

Kuinuka nako ni somo. Miguu ishuke, ugeukie ubavu wa kulia, utulie, ndipo usukume sakafu kwa mikono, kichwa kije mwisho. Fundi aliharakisha. Akarudishwa chini, akaanza upya.

Siku chache baadaye nilipita kibarazani kwake kuchukua suruali. Juu ya kiti cha cherehani palikuwa na mabaki ya kitenge yaliyokunjwa mara tatu, pembe kwa pembe, ukingo mnene ukiwa nyuma.