Volti 1,000 Kutoka Betri ya Sola: Transfoma Iliyosukwa Mhunze

Mota ya karasha, mashine ya kusaga mawe, iliteremshwa kutoka kwenye lori la Kenta asubuhi, ikitokea machimbo ya upande wa Kahama. Mzee mmoja, fundi wa kusuka mota, aliisuka upya akamaliza. Akagusisha ncha moja ya maltimita kwenye koili na nyingine kwenye bodi la mota, na kioo kikaandika 1, alama ya kwamba hakuna njia. "Mwanangu, hii haina shoti," akaniambia. Mota ikarudishwa machimboni, ikawashwa, na breka ikaruka papo hapo.

Maltimita haikusema uongo. Ilijibu kile ilichoulizwa. Ndani yake mna betri ya volti 9, kwa hiyo swali lake ni dogo: je, volti chache zinapenya kihami hiki? Hazikupenya. Mota ya fezi 3 huja na swali la volti 400, na kihami chenye unyevu na vumbi la mawe kinaweza kulishinda swali la kwanza kikaanguka kwenye la pili. Ndiyo maana mafundi wa viwandani hutumia kile wanachokiita mega, kifaa kinachosukuma volti 500 au 1,000 kwenye koili, kisha kupima umeme unaovuja.

Makala haya yanachambua jinsi nilivyotengeneza mega ya mezani kwa betri ya sola ya volti 12 na vipuri vya chakavu, hapa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Saketi yenyewe ni ya kawaida na sitaikalia. Kazi yote ilikuwa kwenye transfoma moja ndogo, na ilinichukua mara mbili kuipata. Mara ya kwanza nilihesabu shaba vizuri. Mara ya pili ndipo nilipohesabu nafasi iliyo kati ya shaba na shaba.

Jiwe jeusi

Tuanze na kiini. Ukitaka kupandisha msongo kwa umeme wa masafa ya hezi 50, kama ule wa TANESCO, utahitaji chuma kingi na waya mwingi. Kiini cha chuma chenye mkato wa milimita za mraba 120 kingedai mizunguko kama 375 kwa volti 12 tu za praimari, koili inayopokea umeme. Ili kuzizidisha volti hizo mara 50, sekondari, koili inayoutoa, ingefika karibu mizunguko 19,000. Hakuna mkono utakaosuka hivyo.

Njia ya kutokea ni kupandisha masafa. Kadiri umeme unavyogeuka upesi, ndivyo sumaku inavyopata muda mchache wa kujaa, na mizunguko inapungua. Lakini chuma cha kawaida kwenye masafa ya juu huchemka, kwa sababu chenyewe kinapitisha umeme na kujizungushia mikondo ndani. Hapo ndipo feriti inapoingia. Ni ndugu wa chungu: oksidi ya chuma iliyochanganywa na oksidi za metali nyingine, kwa mfano manganizi na zinki, ikakandamizwa na kuchomwa tanuruni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Yogoro Kato na Takeshi Takei waliivumbua Tokyo mwaka 1930, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuipeleka sokoni.

Sikuinunua. Niliitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta mbovu. Atakayejaribu asiitanue kwa bisibisi, maana huvunjika kama kigae. Niliichemsha kwenye sufuria ya maji karibu robo saa, gundi ikalegea, nikavuta taratibu kwa kitambaa. Kalipa ikanipa mguu wa kati wa milimita 10 kwa 12, yaani zile milimita za mraba 120.

Kwa nguvu ninayohitaji, kiini hicho ni kikubwa kupita kiasi. Volti 1,000 kwa miliampia 1 ni wati 1 tu, na kiini cha ukubwa wa kidole gumba kingetosha. Nilikichagua kwa sababu ya dirisha lake, ile nafasi tupu inayozunguka mguu wa kati, kwa kuwa kihami nacho kinataka mahali pa kukaa.

Hesabu ya praimari

Saketi yangu ni ya transista mbili zinazopokezana kusukuma, chini ya uongozi wa chipu ya TL494 iliyotoka kwenye pawa saplai ileile. Kila transista inapiga mara 40,000 kwa sekunde. Mizunguko ya praimari hupatikana kwa kugawa volti kwa zao la vitu vinne: namba 4, masafa, kiwango cha sumaku na eneo la mkato. Feriti ya namna hii hushiba kwenye tesla 0.4 hadi 0.5 ikiwa baridi, na hushiba mapema zaidi ikipata joto. Ikishiba, praimari inageuka kuwa kipande cha waya tu na transista zinaungua. Nilijiwekea kikomo cha tesla 0.1.

12 ikigawanywa kwa zao la 4, 40,000, 0.1 na 0.00012 inatoa 6.25. Mtu mwenye haraka angesuka 7. Nilisuka 8 kila upande, kwa sababu betri ya sola haina volti 12 muda wote. Saa sita mchana, chaja ikiwa inasukuma, hufika 14.4. Kwa mizunguko 8, hata wakati huo sumaku inabaki chini ya tesla 0.1. Waya ulikuwa wa milimita 0.5, masalia ya kusukia mota.

Mizunguko 8 kwa volti 12 ni volti 1.5 kwa kila mzunguko. Sekondari nikaipa mizunguko 400, inayotoa volti 600. Daiodi na kapasita za kuzidisha mara mbili zinamalizia kazi, na TL494 inapunguza upana wa mapigo hadi msongo utulie kwenye 500 au 1,000, kadiri swichi ilivyowekwa. Hata betri ikishuka hadi volti 11 bado napata 1,100, kwa hiyo akiba ipo.

Kosa lililotoa harufu

Toleo la kwanza nililisuka kama fundi yeyote wa mota anavyosuka: waya wa milimita 0.15 uliotoka kwenye koili ya kontakta, safu juu ya safu, kwenda na kurudi. Safu moja ilichukua mizunguko 88 hivi, na yote 400 ikaingia kwenye safu 5. Ilipendeza kuitazama.

Nikaiwasha bila mzigo wowote. Ilikunywa nusu ampia, yaani wati 6, kwa kazi ambayo bado haijaanza. Transista zikapata joto. Dakika ya nne ikatoa mlio wa mafuta kwenye kikaango, kisha harufu ya enameli, kisha kimya.

Makosa yalikuwa mawili, na mzazi wao ni mmoja.

La kwanza ni kapasita isiyonunuliwa. Safu mbili za waya zilizotenganishwa na enameli nyembamba ni sahani mbili zinazotazamana, na sahani zinazotazamana ni kapasita. Nilisuka nyingine ya namna ileile ili niipime. Kipima vipuri kilisoma henri 0.48 kwenye sekondari. Nikaipa pigo moja la umeme, na oskiloskopu ya mfukoni ikaonyesha ikitikisika kwa kilohezi 23. Kutokana na namba hizo mbili kapasita iliyojificha inakuwa pikofaradi 100, kiasi ambacho kwenye redio ungekidharau. Lakini transfoma inayozidisha volti mara 50 inazidisha kapasita hiyo mara 2,500, kwa maana praimari inaiona kama mikrofaradi 0.25. Kuigeuza kutoka upande mmoja hadi mwingine mara 80,000 kwa sekunde kunakula karibu wati 5.8. Nusu ampia yangu ilikwenda huko karibu yote.

La pili ni majirani wasiolingana. Kwenye ukingo wa bobini, ile fremu ya kusukia waya, mzunguko mmoja wa safu ya tano uliteleza ukaangukia safu ya pili. Kati yao kulikuwa na tofauti ya safu tatu, karibu volti 400, juu ya waya wa zamani ambao enameli yake imekwisha kukwaruzwa.

Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba msongo unaopasua hewa unategemea zao la kanieneo na umbali. Kwa hewa yetu hii, jedwali lina sakafu: chini ya volti 327 hivi cheche haizaliwi, hata ukisogeza nyaya karibu namna gani. Mchimbaji anaijua hali hiyo kwa mwili wake. Kuna kimo ambacho ukianguka unajifuta vumbi, na kuna kimo cha duara, shimo la mgodi. Mimi niliacha nyaya zikae kwenye kimo cha duara.

Kushuka kwa ngazi

Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kuigawa sekondari. Nilikata vipande vitatu vya plastiki ya ndoo, vya unene wa milimita 1, nikavibandika kwenye bobini vikatoa vyumba vinne vya upana wa milimita 3. Kila chumba kikapata mizunguko 100, kimoja kikijaa ndipo waya unapita mkato mdogo kwenda cha pili. Kwa volti 1.5 kwa mzunguko, chumba kizima kina volti 150, na betri ikifika 14.4 kina volti 180. Waya uteleze utakavyo ndani ya chumba chake, hautakutana na jirani aliyemzidi volti 327. Kosa la mkono limeondolewa uwezo wa kuua transfoma.

Kapasita nayo ilianguka. Vyumba vinne vimepangana kama kapasita nne za mfululizo, na mfululizo hupunguza. Pigo lilelile la umeme sasa lilitikisika kwa kilohezi 51, yaani pikofaradi 20. Ampia za bila mzigo zikashuka kutoka 0.5 hadi 0.12. Kiini ni kilekile na idadi ya mizunguko ni ileile. Kilichobadilika ni nani anakaa karibu na nani.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa macho. Feriti inafanana na jiwe, na mtu huidhani ni kihami. Feriti ya manganizi na zinki inapitisha umeme kidogo, na kwa volti mamia ihesabu kuwa chuma. Kwa hiyo mwanzo wa sekondari, ulio upande wa volti sifuri, niliuweka kwenye chumba chenye pengo dogo zaidi na kiini. Mwisho wake, wenye msongo wote, niliuachia milimita 3 za wazi na tabaka mbili za plastiki.

Baada ya hapo niliondoa hewa. Mapovu kati ya nyaya ndiyo makazi ya cheche ndogo zinazokula kihami polepole. Niliyeyusha mishumaa kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, maana mvuke wa nta hushika moto. Nikazamisha bobini hadi mapovu yalipokoma kutoka, nikaiacha ipoe humohumo. Udhaifu wa nta hiyo ni kwamba huyeyuka karibu na nyuzi 55, kwa hiyo kifaa hakiachwi ndani ya gari juani. Vanishi ya mota ingevumilia joto zaidi, lakini ikishakauka koili haifunguliki tena.

Vipuri vya nje vilinipa masharti mawili. Daiodi za 1N4007, zinazopatikana kila duka, ni nzito kufunga kwa masafa haya. Nilitumia UF4007, mbilimbili kwa mfululizo, kwa sababu moja hubeba volti 1,000 na hapa zinaweza kupanda zaidi kidogo. Ncha ya kutokea ina rezista kumi za kiloomu 100, zinazozuia umeme usizidi miliampia 1 hata ncha zikigusana. Ni kumi kwa sababu rezista ndogo moja haiwezi kubeba volti 1,000 peke yake.

Rezista hizo zinapunguza hatari ya kifaa, lakini hazimlindi mtu na mota yenyewe. Koili ndefu za mota nazo ni kapasita, na baada ya kipimo hubaki zimejaa. Kabla ya kugusa, ziunganishe na bodi kupitia rezista, usubiri. Na mota isipimwe ikiwa bado imefungwa kwenye umeme.

Jibu la mota

Mwongozo wa IEEE 43 unataka volti 500 kwa mota zilizo chini ya volti 1,000, na kwa mota ndogo za kusukwa kwa mkono kihami kisipungue megaomu 5. Volti 1,000 zina kazi nyingine, kwa mfano kukagua nyaya za paneli za pampu za sola zinazounganishwa kwa mfululizo hadi kupita volti 500. Katika wilaya yenye mradi wa umeme wa jua wa Ngunga, unaolenga megawati 150, kazi hiyo haitapungua.

Mota ya karasha iliporudi, niliipima kwa 500. Maltimita iliyofungwa kwenye mfululizo ilisoma mikroampia 357. Ukitoa megaomu 1 ya rezista zangu, kihami kilikuwa megaomu 0.4. Mzee alitazama namba ile kwa muda, kisha akauliza kama unyevu ungeweza kufanya hivyo. Tukaiweka juani juu ya mabati siku mbili, mchana tu, usiku ikiingizwa ndani. Kipimo cha pili kilisoma mikroampia 8.2, yaani megaomu 60.

Hakuisuka upya. Aliipaka vanishi, akaifunga, akaipakia kwenye Kenta.