Heko kwa Wapimaji wa Kiu ya Udongo

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja ya mteremko wa Kabazi, hapa Nakuru, huangusha lita 500,000 za maji. Ngapi zitazama ardhini, na ngapi zitamshukia jirani wa chini? Swali hilo lina watu wake, na ni nadra wapigiwe makofi.

Utawakuta wamechuchumaa shambani na pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zimegongwa kwa nyundo mpaka zikashika udongo. Maji hutiwa katika zote mbili. Yale ya nje huyazuia ya ndani yasikimbilie kando. Kisha ni rula na saa. Mwanzoni udongo mkavu hugugumia, halafu hunywa polepole mpaka kasi inatulia. Kasi hiyo ndiyo wanayoitafuta. Hatua chache kando, kwenye njia ya ng'ombe, maji huweza kutuama kama ndani ya sufuria, kwa hiyo hupima tena. Mpita njia hudhani wanacheza.

Mimi naiheshimu kazi hii kuliko hotuba za kuzindua barabara. Humo ndimo hupatikana upana wa mtaro na kipenyo cha kalavati. Nakuru tunajua hasara ya maji yaliyokosa njia: Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyozuiwa na tuta la reli yalifumuka usiku na kuua makumi ya watu.

Wakija kwako, wape mtungi wa maji, uwaonyeshe mvua ya mwaka jana ilipita wapi.