Mkate wa Masamaha

Tumesoma tena kitabu cha Alessandro Manzoni, I promessi sposi, yaani Wachumba, kilichotoka mwaka 1827. Padri Cristoforo, Mkapusini, alipokuwa angali kijana wa dunia, aliua mtu kwa kugombea njia tu. Akaomba msamaha kwa ndugu ya marehemu, akapewa mkate. Kipande chake alikitunza miaka yote. Ndipo, katika tauni ya 1630 kule Milano, anamkemea Renzo mwenye kuwaka kisasi, hata asamehe. Kisha anamwonyesha adui yake Rodrigo, amelala bila fahamu. Hapo kitabu kinatushika kweli: anayehubiri masamaha ni mwuaji aliyesamehewa.

Lakini tuna neno. Rodrigo anakufa, hana nguvu tena. Katika jimbo letu la Butembo-Beni, tangu Oktoba 2014, wauaji wako porini na mapanga, na wajane wa Oicha wanaogopa kwenda shambani. Afadhali tuwasomee sura ya nne: mwuaji alikuja mwenyewe, akapiga magoti mbele ya jamaa yote. Wajane wetu wangali wanamngoja huyo.