Saa Tatu za Doria: Live PD Ilivyomkalisha Mtazamaji

Sehemu kubwa ya Live PD ilikuwa ni askari anaendesha gari usiku. Taa za barabarani zinapita kiooni, redio ya upepo inakoroma, askari anamsimulia mpiga picha aliye naye kwamba mtaa huu una shida ya wizi wa magari. Hakuna anayekimbia, hakuna anayefungwa pingu. Hata hivyo kipindi hicho cha kituo cha A&E cha Marekani, kilichoanza Oktoba 28, 2016, kilifikia kuwakalisha watu karibu milioni 2, na usiku mwingine kukaribia milioni 3, kila Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita. Awali kiliagizwa kama mfululizo mfupi tu. Hadi kinafutwa Juni 2020 kilikuwa kimefikisha karibu vipindi 300.

Jibu la haraka ni kwamba watu hupenda kuona wahalifu wakikamatwa. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu kukamatwa kulikuwepo kwenye runinga miaka mingi kabla yake. Cops ya John Langley na Malcolm Barbour ilianza kurushwa na Fox Machi 1989, kazi yake ya kwanza ikiwa Kaunti ya Broward, Florida. Haikuwa na msimulizi wala mtangazaji. Matukio matatu kwa nusu saa, kila moja limekatwa hadi likabaki mbio, mieleka na pingu. Waliotengeneza makala ya sauti ya Running from Cops mwaka 2019 walitazama vipindi 846 vya Cops na kuonyesha jinsi makosa ya dawa za kulevya na ukahaba yalivyojazwa humo kupita uwiano wake halisi katika kazi ya polisi. Ndivyo uhariri unavyofanya kazi: unaondoa saa nyingi za ukimya na kubakiza dakika chache zenye moto. Live PD ilifanya kinyume. Iliurudisha ukimya ule, ikauweka mbele, na watu wakaukubali kwa saa tatu mfululizo.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Langley huyohuyo alishiriki mwaka 1986 kutengeneza kipindi maalumu kilichoongozwa na Geraldo Rivera, ambamo polisi walivamia nyumba za watuhumiwa wa dawa za kulevya huku taifa zima likitazama mubashara. Kituo cha KTLA cha Los Angeles kilikuwa na helikopta yenye kamera ya televisheni tangu 1958. Na Juni 17, 1994, helikopta za vituo mbalimbali zilipolifuata gari jeupe la Ford Bronco alimokuwa O. J. Simpson, aliyekuwa akitafutwa na polisi, kwenye barabara kuu za jiji hilo, watu wanaokadiriwa kufika milioni 95 walitazama gari likienda mwendo wa polepole. Jioni ile ilipaswa kumfundisha kila mtu wa runinga kwamba mtazamaji hahitaji kasi. Anahitaji kutojua mwisho. Lakini msako wa aina ile huja kwa bahati, na huwezi kuupanga kwenye ratiba ya Ijumaa. Kazi ya kampuni ya Big Fish Entertainment, watengenezaji wa Live PD, ilikuwa kuifanya bahati hiyo ipatikane kila wiki kwa saa ileile.

Walianza kwa kutandaza wavu. Idara kadhaa za polisi ziliwekewa kamera kwa usiku mmoja, kutoka majimbo yaliyo mbalimbali: Kaunti ya Richland kule South Carolina, Kaunti ya Pasco kule Florida, Tulsa kule Oklahoma, na nyingine zilizoingia na kutoka kadiri misimu ilivyokwenda. Askari mmoja kwa saa tatu anaweza asikutane na kitu. Ukiwa na askari kumi na kadhaa katika miji sita au minane, karibu kila wakati yupo mmoja aliyesimamisha gari la mtu.

Kisha ilibidi picha zifike. Zamani matangazo ya nje yalidai gari kubwa lenye dishi la setilaiti, nalo haliwezi kumfuata askari uchochoroni. Kilichofungua njia ni begi linalobebwa mgongoni na mpiga picha, lenye laini kadhaa za simu za kampuni tofauti. Picha hugawanywa vipande, kila laini ikabeba chake kwa kadiri ya nguvu ya mtandao wa mahali pale, kisha vipande vikaunganishwa upya studio, New York. Mtandao ukiyumba picha huganda au kuvunjikavunjika kwa sekunde kadhaa, na katika kipindi hiki kasoro hiyo ilikuwa faida, maana ilimthibitishia mtazamaji kwamba anachokiona hakijapigwa pasi.

Chukua tukio la kawaida kabisa la kipindi hiki, gari lililosimamishwa kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua. Askari anashuka, anagusa buti kwa kiganja, anasogea upande wa abiria na kumulika tochi kwenye viti vya nyuma. Kamera iko nyuma ya bega lake. Anaomba leseni na bima. Dereva, kijana, anapekua droo ya gari kwa mikono isiyotulia. Askari anasema ananusa bangi. Dereva anakana. Askari anamwomba ashuke, na hapohapo, kabla mguu haujagusa lami, mwongozaji anakata kwenda jimbo lingine, ambako mzee analalamika kuhusu kelele za jirani. Dakika kadhaa zinapita kwa mzee yule. Kwa ustadi wa utunzi, hii ndiyo sehemu niliyoithamini kuliko zote: tukio la kelele halina uzito wowote, na halikuwekwa pale kwa ajili ya uzito. Liliwekwa ili kijana wa kule nyuma aendelee kusimama kichwani mwa mtazamaji. Tukirudi, yuko kando ya gari lake, askari wa pili amefika, na buti liko wazi. Kilichotokea katikati hatukukiona. Mtangazaji anatueleza kwa sentensi mbili, nasi tunaendelea.

Mtangazaji huyo, Dan Abrams, ni mwanasheria. Pembeni yake walikaa Tom Morris Jr., aliyetokea kwenye America's Most Wanted, na Sean Larkin wa polisi wa Tulsa. Aliyekulia kwenye matangazo ya mpira ataitambua kazi yao mara moja: wanamtaja mchezaji, wanaeleza kwa nini amekaa pale alipokaa, wanarudisha picha nyuma, wanakisia atakachofanya. Larkin ndiye aliyekuwa fundi wa hili. Angesema mtuhumiwa anatazama huku na kule akitafuta pa kukimbilia, na sekunde chache baadaye mtuhumiwa akachomoka. Baada ya majuma kadhaa mtazamaji alianza kuyaona hayo mwenyewe: mkono unaogusa kiuno, abiria anayejibu swali aliloulizwa dereva. Alikuwa anajifunza kazi, na kujifunza kazi ya mtu ni raha kubwa ambayo watu wa runinga huidharau. Kulikuwa pia na kipengele cha watoto waliopotea, na wapo waliopatikana baada ya watazamaji kutoa taarifa. Sioni sababu ya kuibeza raha hiyo wala faida hiyo.

Lakini angalia alichofundishwa. Alifundishwa kumsoma mtu aliyesimamishwa kwa jicho la aliyemsimamisha. Kamera ilikaa garini mwa polisi, ikashuka na polisi, ikasimama nyuma ya bega la polisi. Mezani, kiti cha kudumu kilikuwa cha askari. Wakili wa utetezi hakuwa na kiti cha aina hiyo. Maelezo kwamba kila mtuhumiwa hana hatia hadi mahakama iseme vinginevyo yalikuwepo, kama ilivyokuwa kwenye Cops, ila sentensi moja haiwezi kushindana na saa tatu za kamera iliyokaa upande mmoja. Hata kungoja kwenyewe kulielemea huko. Ukiwa unangoja kitu kitokee, unatamani kitokee; buti likifunguliwa na kukutwa tupu, moyo wako mwenyewe unakuwa umekata tamaa kwa sababu mtu asiye na kosa ameachiwa aende zake. Hilo ndilo jambo ambalo utunzi huu ulilifanya ndani ya mtazamaji, na ulilifanya kwa ufundi wa hali ya juu.

Kisha kuna lile neno mubashara. Kipindi hakikuwa mubashara kwa maana tunayoipa mechi. Kati ya tukio na kioo cha nyumbani kulikuwa na dakika kumi na kadhaa, nyakati nyingine zaidi ya 20, ili wahariri waweze kuondoa kisichofaa: jina la mtoto, namba ya nyumba, taarifa inayoweza kuhatarisha maisha ya mtu. Aidha, matukio yaliyorekodiwa siku za nyuma yaliingizwa kujazia pale doria zote zilipopoa, na yakatambulishwa kuwa ni ya awali. Sababu hizo zinaeleweka. Kisheria pia kulikuwa na mipaka. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Wilson dhidi ya Layne, iliamua kwamba polisi wanaoingia na waandishi wa habari ndani ya nyumba ya mtu wakati wa kutekeleza hati ya mahakama wanavunja haki yake ya kikatiba. Kesi ilitokana na wanandoa wa Maryland waliovamiwa alfajiri wakiwa na nguo za kulalia. Ndiyo maana barabara na maegesho vilitawala kipindi. Mlango ndipo kamera ilipopaswa kukoma.

Ninachokipinga ni athari ya neno lile kwa mtu aliyeketi nyumbani. Mbele ya Cops kila mtu alijua kuna mkasi. Mbele ya Live PD tuliuweka kando ule uangalifu, tukajihesabu kuwa mashahidi. Mkasi ulikuwepo, na katika dakika zile kumi na kadhaa ulifanya kazi kwa kasi zaidi. Tofauti ni kwamba haukuonekana tena.

Gharama yake ilijulikana Texas. Machi 28, 2019, saa saba na kitu usiku, usiku ambao haukuwa wa kipindi, askari wa Kaunti ya Williamson walimfukuza dereva mmoja mweusi ambaye hakushusha taa kali za gari lake. Msako ulichukua kama dakika 22 na ukaishia Austin. Walimpiga kwa bastola ya umeme zaidi ya mara moja, naye akawaambia kwamba ana ugonjwa wa moyo na hawezi kupumua. Alifariki. Watu wa kamera wa Live PD walikuwepo wakirekodi. Picha zile hazikurushwa, na baadaye zikafutwa. Kituo kilieleza kuwa hakirushi matukio ya vifo na kwamba utaratibu wake haukuwa kuhifadhi picha kwa muda mrefu, ili kisigeuke mkono wa polisi wa kukusanya ushahidi. Umma uliyajua haya Juni 2020, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kupitia waandishi wa Austin na kamera ya kifuani ya askari wa jiji hilo. Siku mbili baada ya habari kutoka, wakati miji ya Marekani ikiwa imejaa maandamano ya kudai haki ya George Floyd, aliyeuawa na polisi, A&E ilikifuta kipindi. Kaunti ililipa familia dola milioni 5 mwaka 2021. Askari wawili walioshtakiwa kwa kuua bila kukusudia waliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2024.

Naliona tukio hili kama sehemu ya utunzi wenyewe. Kipindi kilikuwa na nafasi ya mbio, ya kelele za jirani, ya mbwa aliyepotea. Kifo mikononi mwa askari hakikuwa na nafasi, kwa hiyo mtazamaji wa karibu miaka minne ya Ijumaa na Jumamosi alijengewa picha ya kazi ya polisi ambamo jambo zito kuliko yote haliwezi kutokea. Hakuna aliyelazimika kusema uongo ili hilo liwe hivyo.

Mwaka 2021 Texas ilipitisha sheria inayokataza vyombo vyake vya polisi kuingia mikataba na vipindi vya namna hii. Kwingineko biashara iliendelea. Julai 22, 2022, On Patrol: Live ilianza kwenye kituo cha Reelz, Abrams na Larkin wakiwa mezani tena, na kwa jinsi ilivyofanana na mtangulizi wake A&E ilikwenda mahakamani mwezi uliofuata. Wanaotengeneza vipindi hivi wameshathibitisha kwamba wanaweza kutuma picha kutoka uchochoro wowote na kumshika mtu hadi saa sita usiku. Kwa uwezo huo wangeweza pia kuonyesha pembeni ya kioo ni dakika ngapi zimepita tangu tukio litokee, kurudi mezani miezi mitatu baadaye na kutueleza kesi ya yule kijana wa taa ya nyuma iliishaje, na kuhifadhi kila picha ya usiku ambao mtu amefariki hadi mahakama itakapomaliza kazi yake.