Hesabu ya Mwinuko: Siku Nne za Baiskeli Juu ya Milima ya Usambara

Mtu atokaye Tanga au Dar es Salaam kwa njia ya Korogwe, afikapo Mombo na kuinua macho, huona ukuta wa majabali na miti umesimama mbele yake ghafla, bila ya vilima vidogo vya kumtayarisha. Na juu ya ukuta huo, mwisho wa kilomita 33 za lami yenye kupindapinda kupitia Soni, uko mji wa Lushoto, ambao Wadachi zamani zao waliuita Wilhelmstal. Tafauti ya kimo baina ya Mombo na Lushoto ni kiasi cha mita 1,000. Namba hiyo ya pili, wala si ile ya kwanza, ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika makala haya. Maana katika siku nne nilizoendesha baiskeli huko mwezi wa Julai, pamoja na wenzangu watano na kiongozi mmoja, kutoka Mombo hata Mtae na kuteremka upande wa pili mpaka Mnazi, ilinidhihirikia kuwa safari ya milimani hupangwa kwa mwinuko, na kwamba kila anayeipanga kwa masafa peke yake huwadhulumu wasafiri wake.

Nasema hivyo kwa sababu nimepata kudhulumiwa. Miaka michache iliyopita nilikwenda safari ya namna hii katika milima hiyo hiyo, iliyotengenezwa na watu nisiotaka kuwataja, na karatasi tuliyopewa ilisema kuwa siku ya pili ni kilomita 28, tena nyepesi. Tukaondoka saa tano, baada ya chai ya taratibu, kwa kuwa kilomita 28 katika nchi tambarare ni kazi ya saa mbili kwa mtu asiye na haraka; lakini kilomita zile zilikuwa zimekunjwa juu ya mabonde kama nguo ndani ya sanduku, na tulipozikunjua kwa miguu yetu tulikuta ndani yake mita zipatazo 1,300 za kupanda. Tukachwewa njiani. Baiskeli tulizisukuma kwa mikono katika njia ya mbuzi, hatuna taa, maji yamekwisha, na mmoja wetu, mtu mzima mwenye watoto, alikaa juu ya jiwe akalia. Hapana aliyeumia, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo sikupata kuamini karatasi yenye kilomita bila ya mita.

Kiongozi wa safari hii ya pili ni Mshambaa wa makamo, aliyeanza kazi kwa kuziba pancha sokoni, na chombo chake cha kwanza ni daftari la shule lenye jalada la buluu. Kila siku ya safari ina ukurasa wake, na katika kila ukurasa amechora mstari mmoja wa kalamu unaopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, na chini ya mstari ameandika masafa, mwinuko na saa. Kanuni yake ni fupi: kila kilomita 10 huzihesabia saa moja, na kila mita 400 za kupanda huziongezea saa moja nyingine. "Mzee," aliniambia nilipomuuliza tuna kilomita ngapi kesho, "huku kilomita hazina habari. Wewe uliza mlima." Tuliijaribu kanuni hiyo siku ya kwanza. Kilomita 33 ni saa tatu na theluthi, na mita 1,000 ni saa mbili na nusu, jumla karibu saa sita. Tuliondoka Mombo saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kabla ya joto la bondeni, na tuliingia Lushoto saa sita na robo.

Baada ya kurudi nyumbani niliikagua kanuni hiyo kwa njia nyingine, kwa kuwa maarifa ya mtu aliyejifunza kwa miguu yake hustahili kupimwa pia kwa hesabu, si kwa kumtilia shaka bali kwa kumpa haki yake. Baiskeli tulizopanda zilikuwa na gurudumu la meno 32 kwenye pedeli, na nyuma zilikuwa na gia kumi na mbili, kubwa kuliko zote ina meno 51. Katika gia hiyo mzunguko mmoja wa pedeli haulizungushi tairi hata theluthi mbili, na maadamu tairi hilo lina mzingo wa kiasi cha mita 2.3, baiskeli huenda mbele mita moja na nusu kasoro kidogo. Mtu azungushaye mara 60 kwa dakika huenda mita 86; na njia ikiwa inapanda mita moja kwa kila kumi, atakuwa ameinuka mita 8 na nusu hivi. Kwa kadiri hiyo mita 400 humchukua dakika 47, na dakika 13 zinazobaki katika saa ya kiongozi ni za kunywa maji, kuvua sweta na kuamkiana na watu. Daftari la buluu halikukosea.

Hesabu hiyo hiyo hueleza jambo ambalo wageni huliona njiani wakalifasiri vibaya. Baiskeli ya kawaida ya huko, ile ya gia moja, breki za vyuma na keria nyuma, husogea mita tano na zaidi kwa kila mzunguko wa pedeli. Juu ya mwinuko wa Usambara, na gunia la viazi likiwa nyuma, hakuna goti la mwanadamu liwezalo kuizungusha. Kwa hiyo mwenyewe huteremka na kuisukuma, na kijana aliyetupungia mkono karibu na Lukozi, ameinama nyuma ya shehena ya kabichi iliyompita kimo, alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko sote sita tukiwekwa pamoja.

Ustadi wa pili wa kiongozi ulikuwa katika kuchagua njia, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Barabara ya kutoka Mombo, iliyochongwa zamani za Wadachi, huuzunguka mlima kwa mipindo ili mwinuko uwe wa kustahimilika kwa magari; lakini njia za Washambaa wenyewe aghalabu hushika mgongo wa kilima moja kwa moja, kwa kuwa zilikanyagwa na watu wa miguu wenye mizigo vichwani, ambao kwao njia fupi yenye kupanda sana ni nafuu kuliko ndefu yenye kuzunguka. Zile za kwanza ni njema kwa kupanda kwa baiskeli na hazina ladha ya kuteremka. Hizi za pili ni kinyume chake. Basi siku zote nne alitupandisha kwa njia za gari na kututeremsha kwa njia za miguu, na kwa tadbiri hiyo moja aliokoa nguvu zetu na kutupa furaha tuliyoifuata. Mpangaji wa safari ile ya kwanza, aliyetuchwesha, alifanya kinyume, pengine kwa kutazama ramani na kuona kuwa njia ya mgongoni ni fupi.

Lakini njia za miguu zina wenyewe. Siku ya pili, tulipotoka katika msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi na sharti uingie kwa kibali, tulikuwa tukiteremka kuelekea Rangwi alipotokea mbele yetu bibi mmoja, mzigo wa kuni mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso. Kiongozi hakupiga kengele. Alisimama, akashuka, akaiweka baiskeli yake upande wa bonde, nasi sote nyuma yake tukafanya vivyo hivyo, akasema, "Shikamoo bibi." Bibi aliitika marahaba, akatutazama mmoja mmoja pasina haraka, kisha akasema "hongea," ambalo ni neno la Kishambaa la shukrani, akapita. Dakika mbili hizo zimo ndani ya hesabu ya saa. Mpangaji asiyeziweka atawafanya wasafiri wake wawe watu wa kufukuza wenyeji katika njia zao, na mwaka wa pili hatapata njia.

Gari lililobeba mizigo yetu lilishika barabara kuu siku zote, nasi tulikutana nalo mara tatu kwa siku, mahali palipopangwa na saa iliyopangwa. Simu hazishiki katika mabonde mengi, kwa hiyo kiongozi na dereva walikuwa wameagana mapema: tusipoonekana saa nane, dereva aanze kurudi nyuma kutufuata kwa njia ambayo yeye na kiongozi wanaijua. Siku ya tatu tuliamka Rangwi katika ukungu mzito hata mti wa uani hauonekani, na baridi ya kutia meno mtetemo. Tulikaa jikoni tukinywa chai saa nzima, wala hapana aliyefadhaika, kwani katika ukurasa wa siku hiyo palikuwa pameandikwa saa moja ya akiba. Ukungu ulipoinuka tulipitia Sunga, tukaingia Mtae alasiri, kijiji kilichokaa juu ya ncha ya mlima, na nchi imeanguka pande zote.

Nina kasoro moja ya kumtolea kiongozi huyo, nayo ni kwamba siku ya pili aliwahesabia watu wa pwani sawa na watu wa bara. Katika vilele vya Magamba, juu ya mita 1,900, hewa ina uzani wa humusi nne tu za ile ya Tanga, na wawili miongoni mwetu waliozaliwa karibu na bahari walihema kama samaki waliotolewa majini, wakafika nyuma ya wenzao kwa nusu saa. Saa ya akiba aliyoiweka siku ya tatu, ingefaa zaidi siku ya pili.

Nimeacha mteremko wa mwisho nyuma kwa makusudi, maana ndiko kwenye hatari. Kutoka Mtae kwenda Mnazi nchi hushuka zaidi ya mita 1,000, na watu wengi hudhani kuwa kushuka ni kupumzika. Mpanda baiskeli pamoja na baiskeli yake na maji yake akiwa na uzani wa kilo 90, nguvu itakayotoka katika kushuka mita 1,000 yatosha, lau ingekusanywa yote, kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na mawe, lakini mtu ashukaye polepole huitia karibu yote katika visahani viwili vyembamba vya chuma na pedi za breki zisizozidi ukubwa wa vidole viwili. Mwoga ndiye aunguzaye breki, kwa kuwa huishika kidogo kidogo bila kuiachilia; joto halipati wasaa wa kutoka, pedi huwa kama kioo, mafuta ya breki hupata moto, na mkono wa breki hulegea ghafla mahali ambapo haufai kulegea.

Kiongozi alitufundisha kabla ya kuanza, akituhimiza tufanye mbele ya macho yake. Shika kwa nguvu kwa muda mfupi, kabla ya kona, si ndani yake. Kisha achilia kabisa, visahani vipate upepo. Kaa nyuma ya kiti, pedeli zote mbili ziwe sawa, macho mbele mbali. Yeye alitangulia, fundi wa baiskeli aliyefuatana nasi akawa wa mwisho, na baina ya mtu na mtu kama hatua hamsini, vumbi litulie. Kila robo saa tulisimama. Katika kituo cha pili alichovya kidole katika chupa yake, akadondosha tone moja juu ya kisahani cha baiskeli ya mwenzetu mmoja, na tone likalia chiii likapotea. La pili, juu ya kisahani chake mwenyewe, lilikaa likateleza chini taratibu. Hakumlaumu mtu, alisema tu, "Dada, tupumzike kidogo, chuma kimechoka." Tukapumzika dakika kumi, na baada ya hapo yule mwenzetu alishuka vizuri kuliko sisi wengine.

Kuhusu matairi sina mengi. Yalikuwa mapana, hayana tyubu, na ndani yametiwa ule uji mweupe unaoziba tundu wenyewe. Upepo wake ulikuwa pauni 25 hivi, mdogo kwa mtu aliyezoea lami, lakini ndio unaoshika mizizi yenye umande. Tulipofika chini, penye miiba ya migunga, ndipo uji ule ulipolipa gharama yake: mwiba nilioung'oa Mnazi ulikuwa mrefu kama msumari, na tairi lilitoa povu kidogo likanyamaza.

Tuliwasili Mnazi saa saba na dakika ishirini, kwa daftari saa saba na nusu, sote sita tukiwa juu ya baiskeli zetu. Milima hii ni mizuri mno na watu wake ni wakarimu mno kwa mgeni kuionja akiwa anatambaa gizani. Basi wewe msomaji, ukialikwa kwenda huko au kwenye nyanda za juu zozote nyingine, kabla ya kutoa fedha yako muulize mpangaji kila siku ina mita ngapi za kupanda, na mnaondoka saa ngapi. Na asipokujibu kwa namba, mtafute mwingine mwenye daftari.