Kidole Kinapoteleza: Namna ya Kuitambua Programu Iliyoundwa kwa Ustadi

Kwenye maduka ya simu ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya barabara ya Luthuli, Nairobi, mazungumzo ya biashara ni namba tupu. Kamera megapikseli 50, betri 5,000, ramu GB 8, skrini inchi sita na nusu. Mnunuzi anasikiliza, analinganisha na bei, anaomba apunguziwe, analipa. Namba hizo zina maana yake, ila zote zinaeleza chuma na kioo. Menyu, vitufe, ujumbe na mpangilio wa hatua, yaani vitu ambavyo kidole chake kitavigusa kila siku kwa miaka kadhaa, havina namba kwenye boksi, na muuzaji haulizwi habari zake.

Anayeijua kazi hii hupima kwa njia nyingine: huangalia programu inafanya nini mtu anapokosea. Mambo yakienda sawa, programu nyingi hufanana, zote zinapendeza na zote zina rangi. Mnunuzi wa kitanda mwenye uzoefu halidanganyiki jicho lake na shuka. Huinua godoro atazame chaga. Kwenye programu, chaga ni tarakimu moja iliyokosewa, kitufe cha jirani kilichoguswa kwa bahati mbaya, mtandao uliokatika katikati ya malipo. Hayo humpata kila mtumiaji kila wiki. Aliyeyafikiria kabla hayajatokea ndiye fundi.

Mfano mzito wa kazi isiyofikiriwa ulitokea Marekani tarehe 11 Agosti 2020. Benki ya Citibank ilikuwa inawalipa riba ya takribani dola milioni 7.8 wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon. Programu ya benki, Flexcube, ilitaka muamala huo uingizwe kana kwamba deni zima linalipwa, halafu fedha za deni lenyewe zielekezwe kwenye akaunti ya ndani ya benki ili zisitoke. Kuzielekeza huko kulihitaji visanduku vitatu kwenye skrini vijazwe. Wahusika walijaza kimoja, ambacho kwa jina lake kilionekana kutosha. Muamala ulipita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja akaona uko sawa. Skrini nayo ilitoa onyo: fedha zitatoka nje ya benki, je, uendelee? Kwa kuwa riba ilitakiwa kutoka kweli, onyo hilo halikumshtua mtu. Zikatoka karibu dola milioni 900.

Sehemu ya fedha ilirudishwa. Waliopata takribani dola milioni 500 waligoma kurudisha, na Februari 2021 jaji wa New York akawapa haki ya kubaki nazo. Mpaka Septemba 2022 ndipo mahakama ya rufaa ilipotengua uamuzi huo.

Ni rahisi kuwalaumu wale watatu. Lakini tazama lile onyo tena: lilisema fedha zitatoka, halikusema ni kiasi gani. Kompyuta ilikuwa na tarakimu zote kumbukumbuni mwake, na ikachagua kuuliza swali ambalo jibu lake la kawaida ni ndiyo. Mstari mmoja wenye jumla ya fedha zinazoondoka ungemfanya yeyote kati yao aondoe mkono kwenye kitufe.

Sasa ilinganishe skrini hiyo na ile ya mtu anayetuma pesa kwa simu ya kitochi. Ujumbe wa menyu ya aina hiyo, ile inayofunguliwa kwa nyota na reli, una nafasi ya herufi zisizozidi 182. Ndani ya nafasi hiyo finyu, menyu iliyotengenezwa vizuri humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kiasi, kisha ndipo inaomba namba ya siri. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, huduma ilikuwa bado changa. Mkenya aliyeingiza namba alikuwa akiliona jina la mpokeaji kwenye ujumbe wa uthibitisho, pesa ikiwa imeshakwenda. Baadaye Safaricom, kampuni ya simu inayoiendesha huko Kenya, ikaongeza huduma iliyoitwa Hakikisha, inayoleta jina mbele ya mtumaji wakati bado anaweza kusitisha. Kwa mizani ya ufundi, hatua hiyo moja ina uzito kuliko mapambo yote yaliyowahi kuongezwa kwenye programu za benki.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kulisoma onyo. Onyo zuri hutaja kitu chenyewe: picha ngapi zinafutwa, shilingi ngapi zinaondoka, zinakwenda kwa nani. Vitufe vyake navyo vitaje kitendo, “Futa picha 12” na “Ziache”, badala ya “Ndiyo” na “Hapana”. Swali la “Je, una uhakika?” likirudiwa mara nyingi huzoeleka, na kidole hujifunza kulijibu kabla jicho halijalisoma.

Hata hivyo, onyo bora kuliko yote bado liko chini ya nafasi ya kurudi nyuma. Aliyelifahamu hilo mapema ni Larry Tesler, mwanasayansi wa kompyuta aliyefariki Februari 2020, mmoja wa watu tunaopaswa kuwashukuru kila tunapokata maneno mahali fulani na kuyabandika pengine. Katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko California, kulikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ilikuwa na hali mbili: katika moja, herufi unayobonyeza inaandikwa, katika nyingine, herufi hiyo hiyo ni amri. Inasimuliwa kwamba mtu aliyesahau yuko katika hali ipi akaandika neno “edit” alikuwa ameiambia mashine mambo manne mfululizo: e, chagua maandishi yote, d, yafute, i, anza kuingiza, t, andika herufi t. Kazi yake yote ilibadilika kuwa herufi moja. Tesler alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kupinga mitego ya namna hiyo, hata gari lake akaliwekea namba ya usajili yenye kauli ya kukataa hali hizo.

Leo kurudi nyuma kuna sura nyingi, na mjuzi huzitafuta. Gmail ilianza kujaribu kitufe cha kutendua barua iliyotumwa mwaka 2009, ikakifanya cha kudumu 2015. Ukweli wake unapendeza: barua haivutwi kutoka kokote, inashikiliwa tu kwa sekunde 5 hadi 30, kadiri mtumiaji alivyochagua, kabla ya kuondoka. WhatsApp iliruhusu kufuta ujumbe kwa wote mwaka 2017. Ila mtu aliyehangaika kuwahi kufuta ujumbe uliokwenda kwenye kundi la ukoo aliweza kugusa chaguo la kuufuta kwake tu. Yeye haoni tena, ukoo mzima unaona. Desemba 2022 WhatsApp ikaweka sekunde tano za kutendua kosa hilo. Kosa lilijulikana, muda wa hofu ukapimwa, mlango ukaachwa wazi kwa muda huo. Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayewatazama watu wakitumia alichokiunda.

Pesa ni ngumu zaidi. Kenya, mtu aliyetuma M-Pesa kimakosa anaweza kuupeleka ule ujumbe wa muamala kwenye namba 456 na kuomba urudishwe. Lakini mpokeaji akishatoa fedha kwa wakala, kilichobaki ni kubembelezana. Ndiyo maana kwenye pesa onyo lenye jina na kiasi halina mbadala, wakati kwenye barua na picha kitufe cha kutendua kinatosha. Programu inayouliza uliza kwenye mambo madogo na kupita kimya kwenye mambo makubwa imepangwa kichwa chini.

Kipimo kingine ni ukweli wa taarifa. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilikwama wazi na maji ya kupozea yakawa yanapotea. Kwenye paneli ya waendeshaji, taa ilionyesha kwamba vali imefungwa. Taa hiyo haikuwa imeunganishwa na vali yenyewe. Ilieleza tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Waendeshaji waliiamini kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kinu ikayeyuka. Donald Norman, mwanasaikolojia ambaye kitabu chake cha 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku kimekuwa msingi wa fani hii, alikuwa miongoni mwa walioitwa kuchunguza chumba cha waendeshaji hao.

Programu zinazorudia kosa la taa ile zimejaa simuni. “Ombi lako limepokelewa.” Limepokelewa na nani? Umeme wa Luku umelipwa au haujalipwa? Mtu amesimama gizani, salio limepungua, tokeni haijafika, na skrini inamwambia ajaribu tena. Akijaribu tena atalipa mara mbili? Ujumbe wa hitilafu unaostahili heshima hujibu maswali matatu: kimetokea nini, pesa iko wapi sasa, afanye nini. Ujumbe wa “Kuna hitilafu, jaribu baadaye” haujibu hata moja.

Mfano wa taarifa ya kweli upo kwenye kila kiganja: tiki za WhatsApp. Moja, ujumbe umetoka. Mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Bluu, iliyoongezwa mwaka 2014, umesomwa. Mambo matatu tofauti, alama tatu tofauti, na bibi wa miaka sabini huzisoma bila kufundishwa darasani. Ujumbe wa uthibitisho wa M-Pesa nao ni kazi safi: namba ya muamala, kiasi, mpokeaji, tarehe na saa, salio. Watu wanautunza kama risiti kwa sababu ni risiti.

Kasi iko katika kundi hili hili. Jakob Nielsen, mtaalamu wa usanifu wa programu, katika kitabu chake cha 1993, aliweka mipaka ambayo wabunifu wanaitumia hadi leo: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ametenda mwenyewe; likija ndani ya sekunde moja, mawazo yake hayajakatika; zikipita kumi, ameshageukia jambo jingine. Simu ya bei nafuu kwenye mtandao dhaifu haiwezi kuwa na kasi ya simu ya milioni mbili, na hakuna anayedai hivyo. Inachoweza ni kukiri kwamba kitufe kimeguswa, papo hapo, kabla mtu hajakigusa mara ya pili.

Halafu kuna mahali pa vitu. Mkono una kumbukumbu yake, na mtengenezaji mwenye adabu hauvurugi. Microsoft ilijifunza hilo kwa gharama. Kitufe cha Start kilikuwa pembeni mwa skrini tangu Windows 95. Oktoba 2012 Windows 8 ikatoka bila kitufe hicho, watu wakatangatanga ndani ya kompyuta zao wenyewe, na mwaka mmoja baadaye, kwenye Windows 8.1, kitufe kikarejea. Windows 10 ikairudisha menyu nzima mwaka 2015. Mtazame pia wakala wa pesa mwenye foleni: haisomi menyu, anabonyeza tarakimu mfululizo huku anaongea na mteja. Ukiingiza tangazo la bando kwenye nafasi ya kwanza ya menyu, kila namba inasogea na kila wakala anakosea siku hiyo.

Umbali na ukubwa navyo vina sheria. Tangu 1954, kwa utafiti wa mwanasaikolojia Paul Fitts, inajulikana kwamba kitufe kikubwa na cha karibu huguswa haraka na kwa uhakika kuliko kidogo cha mbali. Kitufe cha kila siku kiwe kikubwa na karibu na dole gumba. Kile cha kufuta kikae mbali nacho, kamwe visilale bega kwa bega.

Kuna dalili nyingine ndogo inayoonyesha mengi kuliko ukubwa wake. Nakili namba ya simu kutoka kwenye orodha ya majina, yenye +255 au +254 na nafasi katikati ya tarakimu, uibandike kwenye programu ya malipo. Programu ya fundi huondoa nafasi na kuendelea. Ya mvivu huandika kwa wino mwekundu kwamba namba si sahihi, na kumtupia binadamu kazi ambayo kompyuta ingeimaliza bila yeye kujua. Aliyeshindwa kufanya hilo hakika amepitisha na mengine.

Vipimo hivi havihitaji cheti wala vifaa. Fungua programu, jaza fomu hadi nusu, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha bonyeza endelea: je, ulichoandika kimebaki? Kuza maandishi hadi mwisho, kama mzee atakavyoyahitaji, uone kama vitufe bado vinaonekana. Rudi nyuma hatua moja na uone kama umerudi hatua moja au umetupwa nje. Tuma shilingi elfu moja kabla ya kutuma laki, na usitishe mara moja kwa makusudi. Muuzaji akikataa usijaribu hayo dukani kabla ya kulipa, mshukuru na uende duka la pili.